Mama Akusheze na Usingizi wa Masikio Wazi

Sauti yake haikuwa nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu waliosikia habari zake bila kumwona walidhani alikuwa na sauti tamu ya kubembeleza. Ilikuwa sauti nzito, yenye kukwaruza kidogo, kama ya mtu anayetoka kwenye mafua, na haikupanda wala kushuka. Lakini mwanamke mwenye mimba kubwa akilala kwenye mkeka na kuisikia ikisema polepole, "Legeza kidole. Legeza na kingine. Minye niko hapa," yaani mimi niko hapa, mabega yake yalishuka yenyewe. Niliona mabega ya wanawake wengi yakishuka katika chumba kile. Na yangu yalishuka.

Sisi wake za wafanyakazi wa kampuni ya madini, hapa Likasi, tulimwita Mama Akusheze, yaani mama mkunga, jina la kazi tu. Jina alilobatizwa nalo liliachwa wakati Rais alipotuamuru sote tuache majina ya Kizungu, na lile la kienyeji alilochukua mahali pake halikukaa mdomoni mwa mtu. Hata marehemu mume wake, fundi wa mashine kiwandani, nasikia alikuwa akimwita Akusheze wakiwa mezani.

Alifanya kazi katika maternite ya kambi yetu, yaani wodi ya wazazi, upande ule ambao upepo ukigeuka moshi wa kiwanda unawasha koo. Zamani alikuwapo pale daktari mmoja wa Ulaya aliyekuja na mafundisho mapya. Alisema mwanamke anaweza kuzaa bila kuteswa na woga kama amefundishwa mapema kinachotokea mwilini mwake, namna ya kupumua, na namna ya kujilegeza mpaka aingie katika usingizi ambao si usingizi. Daktari aliuita ipnozi. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, na mafundisho yakabaki kwa Mama Akusheze peke yake.

Neno ipnozi yeye alilitupa. Kabla ya hapo alikuja mwanamazingaombwe katika ukumbi wa wafanyakazi, akamlaza kapita mmoja, msimamizi wa wafanyakazi, jukwaani mbele ya watu wote na kumfanya alie kama kuku. Tangu siku hiyo ukimwambia mwanaume wa kambini kwamba mke wake atafanyiwa ipnozi, alimwona mkewe akitaga mayai. Kwa hiyo Mama Akusheze alisema tu "usingizi wa masikio wazi". Utalala, alituambia, lakini masikio yatabaki wazi, na ukitaka kuamka utaamka, maana mlango uko mkononi mwako.

Mimi nilikuwa na sababu ya kumtafuta. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mahali pengine, sitapataja, kati ya wanawake waliokuwa wakipiga kelele kwenye vitanda vya kulia na kushoto. Sikujua lolote. Muuguzi alinipiga kofi mapajani kwa sababu nilibana miguu, na kadiri alivyonipiga nilizidi kubana. Mtoto alitoka amechoka. Aliishi mpaka jua lilipopanda, basi. Mimba ya pili ilipoingia sikufurahi. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kuona mikono yangu imekunja ngumi yenyewe.

Mama mkwe wangu hakutaka. Hakuwa mwanamke mbaya, ndiye aliyenichotea maji miezi yote ile ya msiba. Lakini aliona kuwa mzazi akilala hatamwona mtoto anayepewa, na tena, mtu akikuingia akilini mara moja, nani atamtoa? Mume wangu alikuwa na yule kapita kichwani. Nilichagua peke yangu. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikaenda.

Mama Akusheze alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja mashuka. Kisha akaketi.

"Mutoto muzima, siwezi kukuahidi," aliniambia. "Ile iko kwa Mungu. Minye nakuahidi kintu moya tu: hautabakia peke yako."

Mafunzo yalikuwa katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya magodoro. Tulilala kwenye mikeka, vitako vimeelekea ukutani, matumbo juu. Alipita kati yetu na viatu vyake vya mpira, anainua mkono wa huyu, anauachia. Mkono ukianguka kama nguo iliyolowa alipita bila kusema. Ukibaki umesimama hewani, mwenyewe bila kujua, alisimama hapo. "Mukono huu iko inaogopa bado," alisema, wala hakuwa akitania. Aliusemesha ule mkono, si mwenye mkono, mpaka ukalala.

Aliangalia sana taya. Mwanamke akibana meno, alisema, chini nako kunabana, kwa hiyo alitutaka tuache midomo wazi kama wajinga. Tukishalegea alitupeleka Mwadingusha kwa maneno tu. Wengi wetu hatukuwa tumefika, lakini alitueleza lile bwawa, maji ya mto Lufira yaliyotulia nyuma ya ukuta, mazito, na lango linalofunguliwa kidogo, halafu kidogo tena. Maji hayana haraka, alisema. Hayapigani na lango. Nilipofika Mwadingusha kweli, miaka mingi baadaye, nilishangaa kuona maji yanavyonguruma. Nilipomwambia akacheka. Alikuwa ameliona bwawa mara moja tu, kwa mbali, kwa sababu aliogopa maji na alikataa kushuka kwenye gari.

Ndivyo alivyokuwa. Alitufundisha upole lakini wafagiaji walimkimbia, maana tone la damu lililosahauliwa chini ya kitanda lilimfanya aseme maneno makali sana. Alitukataza haraka, na yeye alikula amesimama, kipande cha bukari, ugali wetu, mkononi, akitazama mlangoni. Aliweza kumlaza mwanamke yeyote, lakini kwake nyumbani usingizi haukuja. Aliniambia alijaribu kujisemesha mwenyewe kama alivyotusemesha sisi. Haikufaa, alisema, kwa sababu aliijua sauti ile na hakuiamini.

Wakati mmoja chama cha Rais kilisikia kwamba katika maternite kuna mama anayelaza wake za wafanyakazi na kuwaambia maneno. Maneno gani? Akatumwa mtu, kijana amevaa abakosti, ile suti ya kola fupi iliyokuwa lazima siku hizo, na beji ya Rais kifuani, aje asikilize. Aliketi kwenye kiti pembeni, magoti pamoja. Mama Akusheze hakubadili hata neno. Alianza na vidole vya miguu, akapanda. Kabla hajafika kwenye mabega tulisikia mkoromo. Tulianza kucheka, matumbo yanatikisika, naye akatunyamazisha. "Mumuache," alisema. "Na yeye iko amechoka." Akamfunika miguu kwa shuka. Sijui kijana aliandika nini kwa wakubwa wake, lakini hakuna aliyetusumbua tena.

Aliyecheka kuliko wote siku hiyo ni Felisita, jirani yangu. Nyumba zetu ziligusana ukuta. Mimba zetu zilikuwa karibu sawa, yake ilitangulia kidogo. Alikuwa na watoto wawili nyumbani, na wa pili alitolewa kwa kupasuliwa. Katika chumba kile hakuna aliyejifunza kumshinda. Mama Akusheze alikuwa akimtumia kutuonyesha: mkono wa Felisita uliachiwa ukaanguka, kichwa chake kilikuwa kizito kama cha mtoto aliyeshiba. Tulimwonea wivu.

Saa yake ilifika mchana wa mvua. Nilikuwa hapo maternite kwa kupimwa, nikaketi barazani nimngoje, kwa sababu tuliahidiana kwamba nitakuwa wa kwanza kumwona mtoto. Kupitia mlangoni nilisikia ile sauti inayokwaruza ikienda bila haraka, na sikusikia kitu kingine. Felisita hakulia hata mara moja. Wauguzi walipita wakitabasamu. Niliona raha. Niliwaza kwamba zamu yangu nami nitakuwa hivyo.

Kilichotokea ndani alinisimulia Mama Akusheze mwenyewe, baadaye. Felisita alifungua macho, akasema kwa utulivu, kama mtu anayekuambia ndoo imekwisha maji, "Mama, kuna kintu imepasuka." Mama Akusheze alimwekea mkono tumboni na akajua. Kovu la zamani lilikuwa limeachia. Walimtoa mbio kwenye kitanda cha magurudumu, akapita mbele yangu, mdomo wake uko wazi kidogo kama tulivyofundishwa. Gari lilimpeleka kwenye hospitali ya kupasulia. Hakufika akiwa hai, wala mtoto hakupona.

Kwenye kilio Mama Akusheze alikuja na sare yake ya kazi. Hakuingia chini ya turubai walikokaa wanawake. Aliketi chini, kwenye udongo, karibu na bomba la maji. Mama wa Felisita alimwona, akatoka, akasimama mbele yake.

"Ulilalisha mwana yangu," alimwambia. "Ukashindwa kumuamusha."

Mama Akusheze alibaki pale mpaka mazishi, hakula, na mvua iliponyesha hakusogea.

Daktari mpya, mtoto wa hapa hapa, alimwita na kumweleza kwamba kovu lile lingepasuka kwa vyovyote, kwa kelele au kwa kimya, na kwamba mwanamke wa namna ile hakupaswa kuachwa azae mbali na chumba cha upasuaji, ambalo lilikuwa jambo la madaktari, si lake. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akasema neno moja tu: "Angelia, ningejua mbele." Akafunga chumba cha nyuma. Mikeka ikakunjwa, magodoro yakarudi.

Mama mkwe hakusema "nilikuambia". Aliniwekea tu mkono mgongoni. Mume wangu alianza kutembea usiku na mchana kama mtu aliyepoteza kitu. Nami nilijaribu kujilegeza mwenyewe nyumbani, nimelala upande ule wa ukuta ambao zamani nilimsikia Felisita akiwaita wanawe. Mkono wangu ulibaki umesimama hewani. Mtoto alikuwa akicheza tumboni na mimi nilimwogopa.

Nilimfuata kwake. Alikuwa akifua, mapovu mpaka viwikoni. Nilimwambia siku zangu zimekaribia, nataka awe nami, na nataka anisemeshe kama zamani. Alinijibu bila kuinua kichwa niende nikazae kama watu wote. Niliketi kwenye ngazi. Alifua sare yake, akaisuuza, akaianika, akarudi, akanikuta nipo. Nilimkumbusha kwamba hakuniahidi mtoto. Aliahidi kitu kimoja tu, na hicho ndicho nilichokuja kudai.

Alikausha mikono kwenye kitenge.

"Nikikuuliza katikati ya usingizi weye iko namna gani, utanijibu kweli?" aliniuliza. "Hata kama iko mubaya? Hata kama unaona haya?"

Nilisema nitajibu.

"Basi tuanze upya. Minye pia nitajifunza."

Hivyo ndivyo mafundisho yalivyobadilika, na mimi nilikuwa wa kwanza. Bado alinishusha kwa ile sauti, kidole kwa kidole, lakini kila baada ya muda aliniuliza, na nilitakiwa kusema kilipo na kilivyo. Neno maumivu, ambalo zamani halikutajwa katika chumba kile, sasa alilidai. Alimwita na mume wangu, akamwonyesha mahali pa kukandamiza chini ya kiuno. Alikuja ametoka zamu, mikono inanuka mafuta ya mashine, akakandamiza kama anayefunga boliti. Mama Akusheze alimwambia huyu si chuma. Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu kilio.

Binti yangu alizaliwa asubuhi, king'ora cha kubadilishana zamu kikilia. Nasema kweli, iliniuma. Wanaosema haiumi hawajazaa, au wamesahau. Lakini maumivu hayakuwa yale ya kwanza, yaliyokuwa na meno. Yalikuja, nikamwambia yamekuja, akaniambia yapande, yatashuka, na yakashuka. Kati ya moja na lingine nilikuwa mbali, mzito, nasikia viatu vyake vya mpira. Mwishoni nilipiga kelele, akasema vizuri, piga. Kisha mtoto akalia. Mama Akusheze akamweka kifuani pangu, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu mno, ametupa mgongo, na muuguzi mwenzake akafunga mlango ili watu wasiingie.

Chumba cha nyuma kilifunguliwa tena. Kwa kila kundi jipya la wanawake, kabla ya mkeka wa kwanza kutandikwa, aliwasimulia habari za Felisita. Hakujificha ndani ya habari hizo. Wapo waliosikia wakaamka na kuondoka, naye hakuwazuia. Mwenye kovu hakumpokea kabisa. Alimsindikiza mwenyewe hospitali kubwa akiwa angali mzima. Kila mwaka alimtembelea mama wa Felisita. Miaka ya kwanza hakufunguliwa mlango. Baadaye alifunguliwa, akapewa kiti, wakaketi wawili bila kuongea. Sijui kama alisamehewa. Nilimwuliza, akasema hakwenda pale kusamehewa.

Halafu kampuni yenyewe ikaanza kuugua. Tuliona kwanza kwenye posho, unga ukipungua kwenye mifuko, kisha duka la dawa likabaki na rafu tupu. Mwanamke akienda kuzaa alibeba glavu zake, uzi wake na kijembe chake kipya. Mikeka ya chumba cha nyuma ilipotea. Mama Akusheze alistaafu, akahamia mtaa wa Kikula katika nyumba aliyojijengea kidogo kidogo, na huko akaendelea kufundisha sebuleni, viti vimetolewa nje. Alisema sasa kwa kuwa dawa hazipo, mwanamke hana kingine cha kwenda nacho ila pumzi yake, kwa hiyo heri aijue.

Kisha ikaja ile miaka ambayo watu walianza kuulizana wazazi wako walitoka wapi. Wale ambao asili yao ilikuwa mkoa wa Kasai waliambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa, hata waliozika hapa. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Nyumba zilichomwa. Watu walikimbilia stesheni ya treni, wakakaa hapo na vitanda vyao na masufuria yao, wakingoja mabehewa ambayo hayakuja, wiki hata miezi, wengine wakifa kwa kuhara na surua. Sisi tulioitwa wenye nchi tulipita upande wa pili wa barabara tukiangalia chini.

Niliposikia kwamba mlango wa Mama Akusheze umevunjwa, ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa mtu wa Kasai. Nilipika bukari na samaki wa kukaushwa, nikaenda stesheni. Mume wangu alinisindikiza mpaka kona, akasema atanisubiri hapo.

Sikuweza kumwona katika watu wale. Nilipita kati ya maturubai na moshi, nikiuliza, na nilipotaja akusheze watu walininyooshea kidole upande mmoja. Nilikuta wanawake wamesimama duara, wameshika vitenge kama ukuta. Ndani, juu ya magunia, alikuwapo msichana katika uchungu, na Mama Akusheze amepiga magoti mbele yake. Alikuwa amekonda, na nywele zote zimekuwa nyeupe. Aliniona, wala hakushangaa.

"Kaa nyuma yake," aliniambia. "Umushike mugongo."

Niliweka chakula chini, nikaketi kwenye udongo, msichana akaniegemea. Alikuwa akitetemeka mpaka meno. Kelele za stesheni zilikuwa nyingi, watoto, redio, watu wakigombania maji, na ile sauti haikuweza kufika mbali. Mama Akusheze alisogeza mdomo karibu na sikio lake akaanza na vidole. Nilihisi mgongo ule ukishuka juu ya kifua changu, polepole, kipande kwa kipande. Alimuuliza, msichana akajibu. Alimuuliza tena, akajibu.

Mtoto alitoka mchana kweupe, mvulana, mzima, na wanawake wenye vitenge wakapiga vigelegele vya chini chini kwa sababu ya msiba uliokuwa jirani. Mama Akusheze alikata kitovu, akafunga, akamfuta mtoto kwa kona ya kitenge changu. Nilimwambia twende kwangu, tutamficha chumba cha nyuma mpaka mambo yatulie, hakuna atakayejua. Alitikisa kichwa. Alinionyesha kwa kidevu mikeka mingine, na matumbo yaliyolala pale. Treni iliyomchukua sikuiona, wala sikusikia tena kama alifika.

Lakini saa ile yule msichana alikuwa bado ameniegemea, mtoto kifuani. Aligeuza uso wake wenye jasho, akaniangalia kwa shukrani.

"Na weye mama, munaenda wapi?" aliniuliza. "Mbuji-Mayi ao Kananga?"

Alikuwa ametaja miji ya Kasai; alinidhani ni mkimbizi mwenzake. Wanawake wote waliniangalia, nguo zangu safi, viatu vyangu, na nikaona wameanza kuelewa. Mmoja alishusha kitenge alichokuwa ameshika.

Mama Akusheze hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Huyu ni wa kwetu," alisema. "Mumupatie maji anawe mikono."